Kozi ya filamu ya dola 6,000 na paa la bibi Tanga

Likizo ya kiangazi Marekani ina mambo yake. Shule zinafungwa, watoto wako nyumbani hadi Agosti, na ndio msimu wa watu kuuziana ndoto. Huko Houston kuna binti wa Kitanzania, darasa la 11, anataka kuwa dairekta. Siku mbili baada ya kujaza fomu mtandaoni, imeili ikaingia: "Hongera, umechaguliwa!" Wiki tatu Los Angeles, dola 6,000 na ushee, nauli juu yako. Rafiki yake wa shuleni anakwenda hiyohiyo. Binti alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Mama yake, anayefanya shifti za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akauliza swali moja tu: "Mama, wamekuchagua kwa lipi? Mbona hawajaona hata video yako moja?"

Swali zito hilo, wadau. Kuna kozi zinazochuja kweli, kama ya Tisch pale NYU, New York: wiki nne, na ukiomba wanataka kuona kazi zako. Au kambi ya Interlochen, Michigan, iliyoanza na muziki mwaka 1928, siku hizi ina filamu pia. Dirisha la zote mbili lilikuwa limeshafungwa. Halafu kuna zile ambazo kadi ya benki ikikubali, na wewe umekubaliwa. Si lazima ziwe mbovu, ila usiuziwe kama tuzo.

Anko mtu, ambaye hupiga video za harusi za Wabongo wa mji ule, akaitwa. "Achana na picha za getini. Uliza kamera moja wanashika wangapi, halafu tuangalie wa mwaka jana walitengeneza nini." Wakakaa kwenye kochi wakatazama filamu sita. Nne zilianza na alamu kulia, mtu anaamka, anapiga mswaki. Binti mwenyewe akacheka. Simu ikapigwa: watoto watano kwa kamera moja.

Bado aliitaka. Mliowahi kuwa na miaka 16 mnajua. Kilichomkata ni voisi noti ya bibi, aliyoisikia mama akiifungulia jikoni. Bibi anasema paa linavuja tena, ila wasihangaike na bati, "mjukuu asome kwanza."

Hakusema kitu. Kesho yake akamtumia mama linki ya kozi ya chuo kimoja pale pale mjini: wiki mbili, dola 400, unakwenda kwa basi na kurudi, kila mtu anahariri filamu yake.

"Una uhakika?"

"Ndiyo, mama."

Rafiki alipoposti picha za Los Angeles, binti aliweka laiki, akazima simu, akalia bafuni. Tusifiche. Filamu yake ina dakika nne: mama anavaa sare saa nne usiku, anatafuta funguo za gari, anafunga mlango taratibu asimwamshe mtu.