Nguvu Hizi Zitambeba Nani?

Mjini Baraka wapo wanaojenga mwili kwa kuinua makopo yaliyojazwa saruji. Kila mmoja hutamani kuinua leo kile ambacho mwenzake amekifikia kwa mwaka mzima. Kocha mwema humzuia. Ajua kwamba mzigo huuchosha msuli, na msuli hujijenga upya kwa chakula na usingizi. Kwa hiyo huongeza uzito kidogo kidogo, na siku ya mapumziko huihesabu kuwa sehemu ya mazoezi.

Mtume Paulo alisema juu ya wanariadha kwa Wakorintho (1 Kor 9:24-27), watu walioishi karibu na uwanja wa michezo ya Isthmia, iliyofanyika kila baada ya miaka miwili. Mshindi alijinyima mengi kwa ajili ya taji la majani yanyaukayo. Paulo hakuudharau mwili. Alitaka utumike, usitawale.

Kwetu Fizi, kijana mwenye kifua kipana huitwa upesi na wenye bunduki. Basi, kabla ya kuinua, jiulize: nguvu hizi zitambeba nani? Mgonjwa anayeteremshwa mlimani kwa kipoyi anayangoja mabega yako.