Mzabibu Mama na Shamba Lake: Funzo Tulilolipata katika Chumba cha Kompyuta

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi hapandi mbegu. Hukata pingili katika mzabibu mama aliouridhia, akazitia udongoni, na kila pingili ikawa mzabibu wenye tabia ileile ya mama yake. Akichagua vema, shamba zima hustawi. Akikata pingili katika mzabibu wenye maradhi, huyaeneza maradhi hayo kwa mikono yake mwenyewe. Katika makala hii tumekusudia kueleza jinsi sisi wakufunzi wa chuo kimoja cha ualimu hapa Dodoma tulivyopanda shamba la namna hiyo ndani ya kompyuta, na jinsi tulivyomdhulumu mwanachuo mmoja kwa kutotambua kosa lilikuwa la nani.

Tulikuwa na seva moja yenye nguvu na kompyuta kongwe 30. Tuliamua kuigeuza seva ile kuwa wingu letu wenyewe: ndani yake ziishi mashine pepe 30, yaani kompyuta zisizo na umbo, zinazoendeshwa kwa programu, na kila mwanachuo apewe yake. Kazi hii si ya mabingwa wa ng'ambo peke yao. Programu ya KVM, inayoiwezesha seva moja kubeba mashine nyingi, iliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007, nayo hutolewa bure. OpenStack, inayotumiwa kwa mawingu makubwa, ilianzishwa mwaka 2010 na NASA pamoja na kampuni ya Rackspace, nayo pia ni ya bure.

Kusimika programu katika mashine 30, moja baada ya moja, kungetumaliza. Kwa hiyo tulitengeneza taswira. Taswira ni diski nzima ya mashine iliyohifadhiwa katika faili moja: mfumo endeshi, programu na mipangilio yote. Tuliunda mashine mama, tukaweka Ubuntu, programu za ofisi, kamusi, na kielelezo tupu cha andalio la somo. Kisha tukaizima na kuzaa nakala 30. Nakala hizo hazikuijaza seva, kwa sababu kila moja ilihifadhi yale tu yaliyobadilika. Mengine yote ilisoma kwa mama. Tukazijaribu nakala tatu, moja moja, zikaitika. Tukafurahi.

Wanachuo waliandika maandalio yao kwa muda wa juma moja. Waliziona mashine zao kupitia dirisha la seva yenyewe, lisilohitaji anwani ya mtandao. Siku ya kukusanya, sisi tulizifuata kazi kupitia mtandao, kwa jina la kila mashine. Chini ya jina la kwanza tulikuta andalio la Hisabati la darasa la tatu. Chini ya jina la pili tukakuta andalio lilelile, neno kwa neno.

Tulimwita mwenye jina la pili mbele ya wenzake. "Mwalimu, mimi nimeandika somo la Kiswahili," alisema. Hatukumsikiliza. Tulimwandikia sifuri, naye akarudi kukaa akiwa ameinamisha kichwa.

Jioni tulipoendelea na kazi, jina la tatu lilitupa andalio lile la Hisabati. La nne na la tano vilevile. Ndipo tulipoacha kuwatazama wanachuo, tukaanza kujitazama wenyewe.

Mashine nyingi za Linux hujiandikia namba ya utambulisho siku zinaposimikwa. Sisi tuliifunga mashine mama ikiwa na namba yake, na watoto wote 30 wakairithi. Kifaa chetu cha kugawa anwani kilipoona namba moja, kilidhani kinaongea na mashine moja, kikatoa anwani moja kwa wote. Tulipozijaribu moja moja kosa halikuonekana. Zilipowaka pamoja, majina yote yakatupeleka mlango mmoja. Tena tulikuwa tumenakili hata funguo za siri ambazo mashine huzitumia kujithibitisha. Lau funguo zingetofautiana, kompyuta yetu ingetuonya kwamba tumebisha hodi pasipo penyewe. Kwa kuwa zilifanana, ilinyamaza.

Tulizizima mashine zote, tukaiwasha ya binti yule peke yake. Andalio la Kiswahili lilikuwamo, tena zuri. Kesho yake tulimwomba radhi mbele ya darasa lilelile tulimomwaibisha, maana radhi ya faraghani haifuti aibu ya hadharani.

Sasa tunafanya hivi. Kabla ya kuifunga taswira, tunaifuta namba ya utambulisho na kuacha faili lake tupu. Tunaondoa funguo, nywila na kumbukumbu za majaribio. Kila nakala hujitengenezea vyake inapoamka mara ya kwanza, na programu ya cloud-init huipa jina lake. Tunaijaribu taswira kwa kuwasha nakala mbili au zaidi kwa wakati mmoja. Tunaandika tarehe na yaliyomo, na kila muhula tunaunda taswira mpya yenye masahihisho ya usalama, kwani taswira huchakaa hata ikikaa kabatini.

Ndugu wanachuo, nanyi mtakuwa na watoto 40, 60 au zaidi mbele yenu, na ubao mmoja. Mtakachoandika ubaoni ndicho kitakachonakiliwa katika madaftari yote. Mtoto mmoja akikosea, keti naye. Darasa zima likikosea kosa moja, usichukue kalamu nyekundu. Rudi kwanza kwenye andalio lako. Na mtoto akikuambia, "Mwalimu, mimi sikufanya hivyo," fungua daftari la tatu, la nne na la tano kabla hujamwandikia sifuri.