Mkate wa Mchele Wakati wa Vuli

Katika nchi za kaskazini, kama Uingereza na Ujerumani, miezi ya Septemba hadi Novemba ndiyo miezi ya majani kupukutika mitini. Mavuno yamekwisha kuingia ghalani, baridi yaanza, na watu huwasha majiko yao kuoka mikate. Kwetu Rufiji mambo ni kinyume. Katika miezi hiyo mvua za vuli hukaribia, maembe huanza kuiva, korosho huokotwa, na mkulima hushika jembe lake kwenda kutayarisha shamba. Lakini ghala lake li karibu tupu, maana mpunga aliouvuna katikati ya mwaka umekwisha kuliwa au umekwisha kuuzwa. Wenzetu huoka ghala likiwa limejaa. Sisi huoka likiwa linalia.

Sisi waalimu watatu tulitaka kujua jambo hili lageuza namna gani chakula kiuzwacho madukani na migahawani kwetu. Basi katika vuli iliyopita tukazitumia Jumamosi zetu kutembea toka Kibiti, tukapita Ikwiriri, hata tukafika Ndundu mtoni. Tuliingia madukani, tukala migahawani, na mwisho tukakaa darasani kwa bibi mmoja mwoka mikate, sisi tuliozoea kusimama mbele ya darasa.

Yafaa tuanze na Ndundu, kwa kuwa mahali hapo palikuwa na desturi yake. Kabla ya mwaka 2003 aliyetaka kwenda Kilwa na Lindi alivuka mto Rufiji kwa pantoni. Motokaa zilipanga foleni, na mto ulipofurika abiria walingoja muda mrefu sana. Mtu anayengoja huona njaa, na tena ana nafasi ya kuketi. Kwa hiyo wazee wa hapo hukumbuka wali uliopikwa na kupakuliwa papo hapo, na vitumbua vilivyotolewa motoni mbele ya macho ya mnunuzi. Mwaka 2003 Rais Benjamin Mkapa akalifungua daraja lenye jina lake, lenye urefu wa mita 970 hivi. Daraja hilo ni neema kubwa, wala hatukumwona mtu hata mmoja anayetamani pantoni irudi. Lakini siku hizi basi huvuka kwa dakika chache, na abiria hununua kupitia dirishani kile awezacho kushika mkononi: korosho, embe, yai la kuchemsha, au andazi la jana. Chakula kikaacha kumngoja mtu, mtu akaacha kukingoja chakula.

Madukani Kibiti tulikuta mifuko ya unga wa ngano imepangwa mbele, na mchele umewekwa nyuma katika gunia lililofunuliwa mdomo. Ngano haioti katika bonde letu. Nchi yetu huilima katika sehemu za milimani zenye baridi, lakini sehemu kubwa ya ngano tuilayo hutoka ng'ambo kwa meli. Ndiyo sababu mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya unga ilipanda hata huku kwetu, na mama wengi, badala ya kuongeza bei ya andazi, walipunguza ukubwa wake. Mtoto wa Rufiji alikula andazi dogo kwa sababu ya vita asivyoweza kuonyesha mahali pake katika ramani.

Tukamwuliza mwenye duka mmoja habari za mchele. Akacheka kidogo, akasema, "Waalimu, mchele huu si mgeni. Ni wa bonde hili hili. Mwenyewe aliniuzia mpunga mwezi wa Julai, gunia zima kwa mara moja. Sasa huja kuununua kwangu, kilo moja moja, na bei si ile ya Julai." Maneno hayo tuliyachukua moyoni, nasi twaomba kila msomaji ayatafakari. Unga wa ngano haukuushinda mchele kwa utamu. Umeushinda kwa kuwa vuli inapofika mchele umekwisha kuhama nyumbani kwa mwenyewe.

Ikwiriri tuliingia mgahawa wa mama lishe, nyuma ya kituo cha mabasi. Alitupakulia wali wa nazi, samaki wa mtoni, na kamba wachache wa delta, ambako mikoko ni mingi na kamba hukulia katika maji yake. Chakula kilikuwa kizuri kabisa. Tulipomwuliza kwa nini asubuhi auza chapati na maandazi tu, wala si vitumbua, hakutafuta maneno ya kutupendeza. "Waalimu wangu," alisema, "ngano naikanda usiku, alfajiri nachoma. Mchele hutaka kulowekwa, kusagwa, na kungojewa uumuke. Na katika mwezi huu, nikisaga mchele mzuri nikaufanya vitumbua, faida yangu yaliwa na gunia." Hakuna mtu mwenye haki awezaye kumlaumu. Ana watoto wa kuwalisha, na hesabu zake zilikuwa sahihi.

Ndipo tukaenda kwa yule bibi, mwendo mfupi toka Ndundu. Siku za Jumamosi huwafundisha wasichana sita kuoka, chini ya mwembe ulio uani kwake. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu, karibuni, lakini waalimu hapa hukaa chini kama wengine." Tukakaa mkekani.

Wasichana walikuwa wameuloweka mchele tangu usiku. Wakausaga pamoja na tui zito la nazi hata ukawa rojo laini, wakatia sukari, iliki na hamira kidogo, wakaufunika na kuuacha juani. Bibi akatueleza kwamba katika utoto wake hamira ya dukani haikupatikana, nao waliumulia kwa tembo bichi la mnazi. Akatuonya tusikande wala kupigapiga rojo likisha kuumuka, maana mchele hauna ule mvuto wa ngano unaoshika hewa. Ukilivuruga, povu hutoka na mkate hulala. Sehemu moja wakaichoma vitumbua katika chuma chenye vishimo. Sehemu ya pili wakaimimina katika sufuria iliyopakwa mafuta, wakaweka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Huo ndio mkate wa kumimina, ambao jirani zetu Waislamu huupenda sana katika Ramadhani, na ambao sisi nasi twafurahi kuuona mezani wakati wa Krismasi.

Mmoja wetu akamweleza bibi hesabu za yule mama wa Ikwiriri. Bibi hakujibu, bali aliondoka akaingia ndani, akarudi na kikapu. Mlikuwamo chenga, yaani zile punje zilizovunjika mashineni wakati wa kukoboa. "Mkate mlioula sasa hivi," akasema, "ni wa hizi. Mchele mzima ni wa wali. Kwa nini nisage kizima nikakifanya unga, na hivi vimekwisha kuvunjika?" Chenga huuzwa kwa bei ndogo kuliko mchele mzima, na watu wengi huwapa kuku. Sisi tulioula mkate ule hatukuona upungufu wowote.

Basi twasema nini? Hatusemi kwamba mkulima auze au asiuze apendavyo mwalimu. Twajua kwamba Julai ana madeni ya kulimia, ana mgonjwa, ana sare za watoto. Twajua pia kwamba mwaka 2024 mafuriko yaliharibu mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, na aliyekosa mavuno hana cha kuweka. Lakini aliyejaliwa kuvuna magunia kumi, naaweke moja kwa ajili ya vuli, na aliweke kama mpunga wenye maganda yake, maana hivyo hudumu kuliko mchele uliokobolewa. Na akina mama wanapokwenda mashineni, wasiziache chenga zao kule. Kwa mambo hayo mawili mama lishe aweza kuuza kitumbua asubuhi bila hasara, na binti aweza kujifunza kazi ambayo mali yake hutoka katika bonde alilozaliwa.

Wasichana wale ni sita tu, na bibi ni mzee. Andazi ni jema, nasi twalila kwa shukrani; lakini unga wake hutegemea meli, na meli hutegemea amani ya mataifa ya mbali. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mwenye binti na ampeleke kwa mwoka mikate wa kijiji chake vuli hii, kabla ya mvua kuzidi na watu wote kwenda shamba.