JIWE LA NYONGO LILIVYOMSHUSHA JUKWAANI MALKIA WA TAARABU, MTAA UKASEMA KAROGWA

Wapenzi wa taarabu jijini Dar es Salaam wanamjua, kwa hiyo jina halina haja ya kutajwa. Ni mama wa miaka 60 na ushee, kaanza kuimba enzi za kaseti, na akishika maiki watu wanatoka na noti mkononi kwenda kumtunza. Aliposhindwa kupanda jukwaani mara mbili ndani ya wiki moja, mtaa ukaanza kazi yake. Wapo waliosema karogwa na mahasimu wake, wapo waliosema sauti imekwisha. Kumbe mama wa watu alikuwa na jiwe tumboni. Jiwe kweli kweli, sio mafumbo ya mipasho.

Tatizo lenyewe halikuanza juzi. Kwa miaka mingi, kila akila biriani au pilau la shughulini, usiku anashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka begani. Duka la dawa anaambiwa vidonda vya tumbo, anapewa vidonge, anatulia. Hakuna siku aliyopimwa kwa ultrasaundi, kipimo ambacho kingeonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo kwa dakika chache tu.

Wadau, nyongo inatengenezwa na ini na kutunzwa kwenye kifuko kidogo chini yake, ili isaidie kusaga mafuta. Ikiganda inakuwa mawe. Wengi wanaishi nayo bila kujua, na wanawake ndio wanapata zaidi. Matatizo yanayojulikana ni kifuko kuvimba, macho kuwa ya njano mrija ukiziba, na kongosho kuwaka. Ila lililompata mama huyu ni nadra, na huwapata zaidi wazee.

Jumapili usiku alitapika sana. Jumatatu akaamka mzima, akanywa uji, akacheka. Jumanne tumbo likarudi, zahanati wakampa dawa ya kuzuia kutapika, jioni akapata nafuu tena. Hiyo nafuu ndo iliyowadanganya wote. Jiwe lilikuwa linasafiri ndani ya utumbo: likikwama anaumwa, likisogea anapumua. Alhamisi likakwama moja kwa moja. Tumbo likajaa kama ngoma, choo hakuna, hewa haitoki, na matapishi yakaanza kunuka kinyesi. Binti yake, ambaye ndo meneja wake, akafuta shoo na kumkimbiza hospitali.

Kule madaktari waliona utumbo umeziba, lakini swali likawa umezibwa na nini? Mara nyingi ni ngiri, uvimbe, au makovu ya operesheni ya zamani. Mama hakuwa na ngiri, na hajawahi kupasuliwa. Picha ya eksirei ikaonyesha utumbo uliotanuka, pamoja na hewa kwenye mirija ya nyongo, sehemu ambayo kwa kawaida haina hewa kabisa. Siti skani ikamaliza ubishi: jiwe la sentimita 3.5 mwishoni mwa utumbo mwembamba, pale unapokuwa mwembamba zaidi. Utumbo ulioziba, hewa kwenye mirija, na jiwe lisilo mahali pake: dalili hizi tatu zilielezwa na daktari Leo Rigler wa Marekani na wenzake mwaka 1941, na mpaka leo zinabeba jina lake.

Mjomba wa familia hakukubali. "Jiwe la nyongo linaingiaje kwenye utumbo? Hili sio la hospitali, tumpeleke kwa mtaalamu." Daktari akamjibu taratibu: "Mzee wangu, kifuko kikivimba mara kwa mara kinagandana na utumbo ulio jirani. Jiwe linakula ukuta, linatoboa, linadondokea ndani. Tukichelewa, utumbo nao utaoza na kupasuka."

Mama mwenyewe hakuogopa kisu. Aliogopa mpira wa nusu kaputi unaopita kooni katikati ya nyuzi za sauti. Akamuuliza mtaalamu wa ganzi, "Mwanangu, ukiniwekea hicho kitu, nitaimba tena?" Yule kijana hakumdanganya. Akamwambia wengi wanakwaruza siku chache na kupona, wachache sana wanaumia zaidi, na atachagua mpira mwembamba kadiri inavyofaa. Mama akakaa kimya, kisha akaomba kalamu akasaini.

Kwanza akawekewa dripu kurudisha maji na chumvi, mpira wa puani kupunguza tumbo, na sukari yake ikashushwa. Kisha wakampasua, wakalirudisha jiwe nyuma kidogo hadi kwenye utumbo wenye afya, wakachana hapo, wakalitoa na kushona. Wakaupapasa utumbo wote kuhakikisha hakuna jingine. Kifuko chenyewe na lile tundu hawakuvigusa. Kwa mzee mwenye kisukari aliyechoka vile, operesheni ndefu ni hatari zaidi, na tundu linaweza kujiziba lenyewe. Bei yake ni kwamba jiwe jingine linaweza kurudi, kwa hiyo kliniki bado anahudhuria.

Sauti ilikwaruza wiki 2. Siku hizo alikuwa anaongea kwa kunong'ona, na binti alikuwa analia chooni asionekane. Sasa imerudi, imeshuka kidogo, na wanaoijua wanasema imekuwa tamu zaidi.

Yapo na matatizo mengine nadra. Jiwe likikwama karibu na mlango wa tumbo la chakula, linaitwa sindromu ya Bouveret, daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1896. Likikaa shingoni mwa kifuko na kuubana mrija mkuu, ni sindromu ya Mirizzi wa Argentina, ya mwaka 1948, na macho ya njano yake yanaweza kudhaniwa saratani.

Wadau, maumivu ya kulia baada ya mafuta sio lazima yawe vidonda vya tumbo, kapimeni. Na mzee akitapika, akapoa, akatapika tena huku tumbo linajaa, hiyo nafuu isiwapumbaze. Hospitali siku hiyo hiyo.