Ndege ya Mbao Juu ya Lokichar

Binti yangu wa kwanza amemaliza kidato cha nne na anataka kuwa rubani. Ninalitaja jambo hili bila ya utangulizi kwa sababu ndivyo alivyotuambia yeye, mimi na babake, usiku mmoja baada ya swala ya Isha, hapa Lokichar tunakoishi. Tulitoka Mombasa mwaka 2018, malori ya mafuta ghafi yalipoanza kuteremka kutoka visima vya Turkana hadi Pwani, na mume wangu akafungua duka la vipuri. Shehena ya kwanza ilipakiwa melini Agosti 2019, kisha malori yakasimama. Sisi tukabaki na duka letu.

Ada ya urubani si ya kulipwa kwa faida ya mikanda na vichujio vya mafuta. Na hata ingekuwa ndogo, ni mama gani asiyeshtuka? Kabla sijasema ndiyo wala la, nilimtaka anioneshe kitu chenyewe anachokitaka. Mjomba wake aliyeko Maskati alikuwa amempelekea usukani wa mezani na kanyagio mbili za miguu, vyote vya kuunganishwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta mna programu ya kuigizia urubani. Ndege zimo za kila namna. Yeye amechagua kikongwe: Airspeed Oxford, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1937 huko Uingereza, injini mbili, iliyoundwa mahsusi kwa kufundishia. Ziliundwa zaidi ya 8,500, na vijana wengi waliokwenda kurusha ndege kubwa za vita walipitia humo kwanza.

Nilimuuliza kwa nini asichague mpya. Akanijibu, “Mama, hii iliundwa kwa ajili ya wasiojua.”

Mwili wake ni wa mbao na plaiwudi, kwa hivyo mtu wa Pwani huiona kuwa na undugu na jahazi kuliko ndege za leo. Injini zake ziliitwa Cheetah, yaani duma. Lakini kilichonivutia zaidi ni mkono mmoja mdogo uliomo chumbani mwa rubani. Katika ndege kubwa za zama zile, rubani alipotaka kutua ilimlazimu kubadili mlalo wa mapanga ya rafadha. Rafadha za Oxford zilikuwa hazibadiliki, mlalo wake ni mmoja tu. Hata hivyo waundaji waliutia mkono huo, na mwanafunzi akatakiwa ausogeze kila anapotua, ingawa haukufungwa kwenye kitu chochote. Walitaka mkono wa mtu uzoee kabla jambo lenyewe halijawa la lazima.

Sisi tunalijua hilo. Mtoto wa miaka sita hufunga mpaka adhuhuri, akala, na jioni akaketi kufuturu pamoja na wakubwa kama mfungaji kamili. Hakuna anayemwambia kwamba saumu yake ni mchezo. Tangu nilipousikia mkisa wa mkono ule, nimeacha kuiita kompyuta ya binti yangu mchezo.

Safari yake ya kila siku ni kutoka Lokichar hadi Lodwar, kilomita 80 hivi kuelekea kaskazini. Kazi kubwa ni upepo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya pana kama ujia, na upepo wa kusini-mashariki hupita humo kwa nguvu, hasa usiku na alfajiri. Ndio huo unaozungusha mitambo 365 ya umeme ng'ambo ya ziwa, upande wa Loiyangalani. Rubani asipoielekeza pua kulia kidogo, atajikuta amesukumwa magharibi ya mji. Babu yangu, aliyekuwa nahodha, angelifahamu hesabu hiyo bila ya kuelezwa. Tena kuna joto: hewa ya moto ni nyepesi, mabawa hayapati cha kuegemea, na injini hupungukiwa pumzi. Ndege husita kupanda, halafu Mto Turkwel unaonekana mbele na mstari wake wa mikoma, kijani kibichi katikati ya mchanga.

Somo lililonikosesha usingizi ni la injini moja kufa. Programu huweza kuizima injini yoyote bila ya kutoa habari. Ikifa ya kushoto, ile ya kulia inaendelea kuvuta, na pua inageuka kushoto. Mwanafunzi hukanyaga kulia kwa nguvu zake zote. Mguu uliobaki bila kazi ndio unaomwambia ni upande gani uliokufa. Hapo moyo humwambia aongeze mafuta, apande, aikimbie ardhi. Mwendo ukishapungua mno, kuongeza nguvu ndiko kunakoipindua ndege, kwa sababu injini nzima inavuta kuliko mkia unavyoweza kuzuia. Inambidi aipunguze hiyo nzima na aiteremshe pua, aiendee ardhi anayoiogopa, mpaka mwendo urudi. Nilimtazama binti yangu akifanya hivyo mara tisa mfululizo, jasho likimtoka, midomo imebana. Huyu ndiye anayesahau chai jikoni ikafurika.

Mama yangu, aliyeko Mji wa Kale, hakuliafiki. Sikumficha kwamba Amy Johnson, Mwingereza aliyeruka peke yake hadi Australia mwaka 1930, alikufa Januari 1941 akiwa ndani ya Oxford kama hiyo, katika mlango wa Mto Thames, na mwili wake haukupatikana. Nilimtajia pia Lotfia El Nadi wa Cairo, aliyepata leseni mwaka 1933 huku akijilipia mafunzo kwa kazi ya ofisini katika chuo hicho hicho. Kwamba babake Lotfia hakuwa na habari, hilo nililiruka.

“Na huko angani,” Mama akauliza, “atakaa na nani?”

Swali hilo ni la haki, na wapo watakaolidharau, mimi simo. Mume wangu amekwenda mwenyewe Nairobi, kwenye kiwanja cha Wilson, kinachobeba jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege mjini humo mwaka 1929. Ameuliza juu ya walimu wa kike, saa za masomo na malipo ya awamu. Kiwanja hakiko mbali na South C, anakokaa shangazi yake binti, na msikiti uko jirani. Tumekubaliana aanze na uchunguzi wa afya na macho, kisha awamu ya kwanza tu. Kiwanja chetu kidogo cha Likoni kimeshatajwa kwa dalali.

Bibi yake bado anasema hajaridhia. Lakini juzi alinipigia simu kuuliza treni ya Nairobi inaondoka Mombasa saa ngapi, na kama wanaruhusu mtu kupanda na kapu la samaki wa kukaanga.