Redio ya Baba

Jumamosi za mwaka 2014, baada ya alasiri, kibaraza cha mzee mmoja pale Kinyerezi kilijaa redio mbovu za kutengeneza. Tulikuwa watu watano, kila mmoja na yake kwenye mfuko wa rambo: Philips, Sanyo, na hasa National, maana kiwanda cha Matsushita kilichoanza Barabara ya Pugu miaka ya 1960 kilizisambaza nchini pamoja na betri zake. Upande wa pili malori yalipeleka kokoto kwenye ujenzi wa mtambo wa umeme wa gesi. Sisi tulihangaika na vitu vya betri nne.

Mimi nilipeleka National ya marehemu baba. Betri zilikuwa zimevujia ndani, springi zimeota kutu ya kijani. Fundi wa mtaani alishanishauri nitoe kila kitu, niweke saketi mpya ya Kichina.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ukiitoa matumbo, hilo litakuwa ganda tu. Kaa hapa."

Akanipa msasa, nikakwangua springi mpaka zikang'aa. Kazi kubwa ilikuwa uzi wa sindano, ule unaozunguka vigurudumu na kuivuta sindano kwenye stesheni. Ulikuwa umekatika. Tukapima uzi wa mshipi. Mwenzangu akashika springi ya uzi kwa koleo, mwingine akamulika tochi, nami nikazungusha. Ukilegea, sindano inabaki nyuma. Ukikaza mno, unakatika. Mara ya nne ukakubali.

Nikachukua kitambaa chenye petroli nifute kifuniko cha betri. Mzee akanishika mkono. Kwa ndani kulikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa baba: tarehe za kila alipoweka betri mpya. Ya kwanza, Mei 1973.

"Mwaka wa Mtu ni Afya," akasema mzee.

Katika kampeni ile ya afya takribani watu milioni 2 walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Baba aliongoza kikundi kijijini kwetu, Kisarawe. Nimekua nikitumia choo alichokichimba mwenyewe, bila kujua kwamba somo lake lilitoka kwenye spika hii niliyoipakata.

Kati ya 1981 na 1984 hapakuwa na tarehe hata moja.

"Miaka hiyo betri ilitafutwa kama sukari," mzee akaeleza. "Tulizianika juani zirudishe nguvu kidogo, tusikilize taarifa ya habari."

Magharibi ilipoingia tukaiwasha. Ikakwaruza, ikanyamaza, kisha kwenye masafa ya kati zikaanza kuja sauti za mbali, zinazosafiri vizuri giza likishaingia. Hakuna aliyezungumza kibarazani.

Kifuniko sikukifuta. Usiku ule nyumbani nilichukua penseli, nikaandika tarehe ya siku ile chini ya tarehe ya mwisho ya baba, kwa herufi ndogo, ili nafasi ibaki.