Kanisa la Nyumbani Lina Saa Yake



Wengi wetu tukiulizwa habari za sala au za watoto wetu, hujibu kwa neno moja: hakuna muda. Mwalimu ana matayarisho ya masomo, mkulima ana shamba la maharagwe, katekista ana wakatekumeni, wagonjwa na mikutano ya shirika. Nami nimelisema neno hilo miaka mingi. Leo napenda kuwaungamia jinsi nilivyotambua kwamba sikukosa muda, bali nilikosa kujua kipi kitangulie.

Mwishoni mwa mwaka 2007 vita vilifika Mushaki. Sisi tuliokaa katika milima ya jirani tulisikia milio ya silaha nzito kabla ya mapambazuko. Mke wangu alikuwa akiwaamsha watoto wetu wanne. Mimi nilikimbilia kapela kuyachukua madaftari ya shirika, yenye majina ya wabatizwa, ya wakatekumeni na ya wachumba. Nilidhani ningerudi upesi, lakini njia ilifungwa nyuma yangu. Mke wangu akashuka peke yake hadi Sake, mtoto mchanga mgongoni, mwingine kamshika mkono, wakubwa wawili wamebeba sufuria na blanketi. Niliwakuta siku ya tatu katika kambi ya Mugunga, madaftari yangu yangali kifuani. Hakunikemea. Alisema tu: "Mwalimu, majina umeyaokoa. Wenye majina walikuwa wanakungoja."

Sisemi kwamba madaftari yale hayakuwa na thamani. Mkimbizi asiye na hati ya ubatizo hupata taabu anapotaka kufunga ndoa mbali na parokia yake. Lakini nilipoitafakari asubuhi ile, niliona kwamba haikuwa kosa la siku moja. Kwa miaka mingi nilikuwa nikitoka nyumbani karibu kila jioni kwa ajili ya kazi za Kanisa, na usiku nikisahihisha makaratasi ya wanafunzi. Familia ilipata masalio ya siku. Vita vilifunua tu utaratibu niliokuwa nao tayari. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, uliifananisha familia na Kanisa la nyumbani. Nililifundisha jambo hilo kwa wachumba wengi, bila kuliwekea saa katika nyumba yangu mwenyewe.

Miaka iliyofuata nilikwenda Walikale kusaidia mafunzo ya makatekista, nikakuta kosa hilohilo katika sura nyingine. Wanaume wengi waliingia msituni hadi Bisie, kuchimba kasiterite au kubeba magunia ya kilo 50 kwa mwendo wa siku mbili. Mgodi haukujua usiku wala Jumapili. Septemba 2010 Serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Fedha zilikatika ghafla. Familia zilizokuwa zimeendelea kulima mihogo na ndizi ziliweza kula. Wale ambao mashamba yao yalikuwa yamerudi kuwa msitu walihangaika. Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Lakini hata yule anayeshika moja tu, akayaacha mengine yote, huja akajikuta mikono mitupu.

Basi tufanyeje? Katika shule ya ualimu tulifundishwa kuandika kwanza lengo la somo, ndipo tugawe dakika. Somo lisilo na lengo hupotea, hata mwalimu akisema mengi. Siku nayo ni hivyo. Kila jioni, baada ya sala, mimi na mke wangu tunajiuliza mambo matatu. Kesho kuna nini kisichoweza kungoja? Mtoto mwenye homa hangoji, wala mbegu wakati mvua zimeanza. Kuna nini ambacho mwingine aweza kukifanya? Na kuna nini ambacho tukiacha, hakuna atakayeumia?

Swali la pili lilinigharimu sana, kwa maana lilikigusa kiburi changu. Nilimkabidhi dada mmoja wa shirika letu mafundisho ya Jumatano, nikiogopa kwamba yatalegea. Hayakulegea. Wasichana waliokuwa wakikaa kimya mbele yangu walianza kuuliza maswali.

Hapo pia niliona jambo ambalo sisi wanaume hatupendi kuliona. Mama huamka kabla ya jogoo, hufuata maji, hulima, hupika, na hulala wa mwisho. Mara nyingi muda wetu wa mikutano ni muda aliotulipia yeye. Kwa hiyo siku hizi, Jumamosi, bidoni za maji ni zangu, na saa ya jioni ni ya nyumba. Anayenihitaji saa hiyo, isipokuwa kwa mgonjwa, hunikuta nyumbani pamoja na watoto.

Bwana wetu mwenyewe aliamka alfajiri kusali mahali pa faragha. Wanafunzi walipomwambia kwamba watu wote wanamtafuta, hakurudi kwao, bali alikwenda katika vijiji vingine, kwa kuwa alijua alijia nini (Mk 1:35-38). Hakuitikia kila mwito. Na mitume walipokosa hata nafasi ya kula, aliwaita wapumzike (Mk 6:31).

Mtu ataniambia: katika Masisi, nani awezaye kuipanga kesho? Ni kweli, mara nyingi mipango yetu imekatwa na risasi. Lakini kwa sababu hiyohiyo lililo la kwanza lisiahirishwe. Siku ya kukimbia hatupati nafasi ya kufikiri. Mikono hushika kile ilichozoea kukishika. Tuizoeze wakati wa utulivu.

Jioni hii, kabla ya kulala, kila mmoja wetu amwulize aliye karibu naye nyumbani: "Ni saa gani ya siku yangu iliyo yako?" Asikilize jibu bila kujitetea. Familia Takatifu ya Nazareti ituombee, ili siku chache tulizopewa zimrudie Mungu zikiwa na mpango. Amina.